Lori la Dizeli la Zamani Linalotetemeka na Kuzimika Likiwa Sailensa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanawahusu wamiliki, madereva na mafundi wa malori ya dizeli yenye pampu ya kimakanika isiyotegemea kompyuta, kama vile Fuso, Isuzu na Scania za miaka ya 1980 na 1990, ambazo hadi leo ndizo zinazoteremsha mbao kutoka Mafinga, viazi kutoka Njombe na mpunga kutoka Igurusi. Jambo moja litajirudia katika majibu karibu yote: pampu ya dizeli ndiyo kitu cha mwisho kufunguliwa, kwa sababu mara nyingi chanzo cha tatizo kiko kati ya tenki na pampu, mahali ambapo uchunguzi hauhitaji zaidi ya spana, kipande cha mpira na subira.

Lori langu linatetemeka na kuzimika likiwa sailensa, yaani injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta. Nianzie wapi?

Anza kwa kuuliza maswali kabla ya kushika spana. Je, tatizo hutokea asubuhi injini ikiwa ya baridi na kuisha inapopata joto, au hutokea kinyume chake? Je, mlio hupanda na kushuka wenyewe kwa mpangilio, au injini inamisi kwa mdundo uleule wakati wote? Je, lilianza ghafla baada ya kujaza mafuta mahali fulani, baada ya kubadilisha filta, au baada ya fundi kufungua kitu? Dereva na utingo wake wanajua majibu haya kuliko mtu mwingine yeyote, na fundi asiyewauliza atalazimika kubahatisha.

Majibu yenyewe huelekeza njia. Mlio unaopanda na kushuka kwa kawaida hutokana na hewa iliyoingia kwenye dizeli, na mara chache zaidi hutokana na gavana ya pampu, yaani kifaa kinachodhibiti kasi ya injini, iliyochakaa. Kumisi kwa mdundo usiobadilika huashiria silinda moja isiyofanya kazi ipasavyo. Injini inayozimika taratibu, kama iliyokatiwa mafuta, kwa kweli imekatiwa mafuta, na hapo ndipo tenki, mipira na filta zinapohusika. Injini inayozimika ghafla kana kwamba mtu ameizima kwa swichi huelekeza kwenye waya wa kuzimia injini au kwenye solenoidi yake, ambayo hukata dizeli umeme wake unapoyumba. Kagua pia waya wa kuzimia wa kuvuta kwa mkono, kwa sababu usiporudi hadi mwisho huibana pampu kidogo, na jambo hilo huonekana zaidi kwenye sailensa kuliko kwenye mwendo.

Je, si rahisi zaidi kupandisha sailensa tu?

Ni rahisi, lakini ni kuficha ugonjwa. Injini nyingi za silinda 6 za aina hii huzunguka kati ya mizunguko 500 na 700 kwa dakika zikiwa sailensa, na zile za silinda 4 huzunguka juu kidogo ya hapo. Ukipandisha skrubu ya sailensa mpaka mtetemo upotee, silinda mbovu inaendelea kuwa mbovu, dizeli isiyoungua inaendelea kuosha oili kwenye kuta za silinda, na siku tatizo litakapokuwa kubwa hutakuwa tena na dalili ya mapema. Sailensa hurekebishwa baada ya chanzo kuondolewa, injini ikiwa na joto lake la kawaida.

Skrubu nyingine zilizofungwa kwa waya na lakiri kwenye pampu zisiguswe kabisa barabarani. Fundi anayekata lakiri ili "kuongeza dizeli" anabadilisha kipimo ambacho hawezi kukirudisha bila mashine ya kupimia pampu.

Nitajuaje kwamba kuna hewa kwenye dizeli, na inaingilia wapi?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa kuwa hewa ndiyo chanzo ninachokitilia shaka kwanza katika lori lenye umri mkubwa. Pampu ndogo ya kuvuta dizeli huivuta kutoka tenki, kwa hiyo mpira na bomba lililo kati yake na tenki huwa katika hali ya kunyonya. Ufa ulio upande huo hauvujishi dizeli nje injini inapofanya kazi, bali huingiza hewa ndani, na ndiyo maana watu wengi hutafuta tone la dizeli chini ya lori, wakalikosa, wakaamua kwamba mipira ni mizima.

Njia nzuri ya kuona ni kuchukua kipande cha mpira unaopenya mwanga, usiolainika kwa dizeli, na kukifunga kwenye njia ya kuingilia pampu kubwa, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli zinazoipuliza ndani ya silinda, kisha kuwasha injini na kutazama. Povu dogo la dakika ya kwanza baada ya kufungua mabomba ni la kawaida. Povu linaloendelea kupita baada ya hapo ni uthibitisho kwamba hewa inaingia.

Hatua inayofuata ni kulitenga tenki. Chukua galoni safi lenye dizeli safi, liweke juu zaidi ya injini mahali ambapo haliwezi kuanguka wala kugusa ekzosi, kisha ingiza mpira wa kuvutia wa pampu ndogo ndani yake ili injini inywe kutoka hapo badala ya kutoka tenki. Pampu ya mkono, ile ya kujazia dizeli injini ikiwa imezimwa, ipigwe hadi iwe ngumu, na hewa itolewe kwa kulegeza skrubu iliyo juu ya filta, kisha ile ya kwenye pampu, mpaka dizeli itoke bila povu. Injini ikitulia, basi pampu kubwa na nozeli zimeachiwa huru, na ubovu uko kati ya tenki na mahali ulipounganisha mpira wako. Isipotulia na povu likaendelea, kagua pampu ya mkono yenyewe, ambayo mpira wake wa ndani hukauka, pamoja na washa za shaba za bolti za mabomba na kifuniko cha filta. Washa ya shaba iliyokwisha kubanwa mara nyingi huwa ngumu na haizibi tena, nayo ni kitu kidogo mno kuacha kiangushe lori lenye mzigo.

Hewa huingia pia pale lori linapolala usiku kucha kwenye mwinuko. Kama valvu ndogo ya kuzuia dizeli isirudi tenki imechakaa, dizeli hurudi nyuma taratibu, na asubuhi injini huwaka, hutetemeka kwa dakika chache, pengine huzimika mara moja, kisha hutulia. Dalili hii hufanana mno na ile ya baridi, na watu wa Makete na Njombe hudanganyika nayo mara kwa mara. Jaribio lake ni jepesi: kabla ya kuwasha asubuhi, piga pampu ya mkono. Ikiwa ni laini na inahitaji kupigwa mara nyingi kabla ya kuwa ngumu, dizeli ilirudi usiku.

Injini huzimika baada ya kutembea kama nusu saa, kisha ikipumzika huwaka tena. Kwa nini?

Kuna makundi mawili ya sababu, nayo hutenganishwa kwa urahisi. La kwanza ni njia ya mafuta kuziba. Lori likizimika, fungua mfuniko wa tenki papo hapo. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu na injini ikakubali kuwaka vizuri, tundu la kupumulia la tenki limezibwa na vumbi, jambo la kawaida kwa malori yanayoingia kwenye mashamba ya miti ya Mufindi au vijiji vya Ludewa wakati wa kiangazi. Kama tenki linapumua vizuri, tazama chujio la wavu lililo kwenye bomba la kuvutia ndani ya tenki. Tambara, tope au kipande cha mfuniko wa plastiki hunyonywa na kulibana wakati injini inavuta, kisha huanguka chini inapopumzika, na hapo tatizo hupotea kana kwamba halikuwahi kuwapo.

La pili ni joto. Dizeli ikipata joto huwa nyepesi, na pampu iliyochakaa ndani huivujisha kabla haijafika kwenye nozeli, hasa kwenye mizunguko ya chini na wakati wa kuwasha. Kwa pampu ya mzunguko, ile ndogo ambayo mabomba yote hutoka kwenye kichwa kimoja, subiri injini izimike ikiwa bado ya moto, funika kichwa cha pampu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kwa dakika kadhaa, kisha jaribu kuwasha. Ikiwaka baada ya pampu kupoa ilhali kabla ya hapo iligoma, kichwa cha pampu kimechakaa. Usimwage maji baridi juu ya pampu inayozunguka, kwa kuwa chuma chake cha ndani kina nafasi ndogo mno na kinaweza kukwama.

Kabla ya kuihukumu pampu, angalia bolti inayorudisha dizeli ya ziada kutoka kwenye pampu ya mstari, ile ndefu ambayo mabomba yake hutoka yakiwa yamepangwa safu moja. Ndani yake kuna springi na gololi ambazo hushikilia shinikizo la dizeli ndani ya pampu. Bolti hii ikipotea au ikivunjika, wapo wanaofunga ya kawaida yenye tundu wazi kwa sababu inaingia vizuri kwenye uzi, kumbe shinikizo limepotea na injini haitatulia tena.

Nitajuaje ni silinda ipi inayomisi?

Injini ikiwa sailensa, legeza kidogo nati ya bomba la shinikizo kwenye nozeli ya kwanza, sikiliza, kaza, kisha nenda inayofuata. Silinda nzima ikikatiwa dizeli, mlio hubadilika na injini hudorora. Silinda mbovu ikikatiwa, hakuna kinachobadilika. Vaa miwani, usiweke kidole karibu na dizeli inayoruka, kwa sababu inaweza kupenya ngozi na kuingia mwilini, na weka tambara ili isidondokee ekzosi yenye moto. Kama kabini imeinuliwa, hakikisha mhimili wake umefungwa na magurudumu yamewekewa vigingi.

Jaribio hili ni la injini za zamani pekee. Katika malori mapya yenye reli moja ya shinikizo inayodhibitiwa na kompyuta, shinikizo huweza kuzidi bar 1,000, na kulegeza nati injini ikifanya kazi ni kuhatarisha maisha.

Ukishaipata silinda mbovu, ibadilishie nozeli na jirani yake, ukitumia washa mpya za shaba. Ubovu ukihama pamoja na nozeli, umepata jibu, na nozeli ipelekwe kwenye mashine ya kupimia. Nozeli nyingi za injini hizi hufunguka kati ya bar 180 na 250 kulingana na aina, lakini namba pekee haitoshi: dizeli itoke kama ukungu, na ncha ibaki kavu baada ya kupiga. Nozeli inayodondosha huleta moshi mweupe au mweusi, mlio wa kugonga na sailensa mbaya, hata kama inafunguka kwenye shinikizo sahihi.

Ubovu ukibaki kwenye silinda ileile, tazama tapeti kwanza, yaani nafasi iliyoachwa juu ya valvu. Katika injini nyingi za Fuso na Isuzu za ukubwa wa kati nafasi yake ni milimita 0.40 injini ikiwa ya baridi, na tapeti iliyobana mno huizuia valvu isifunge. Baada ya hapo ndipo upime kompresheni, yaani shinikizo la hewa inapogandamizwa ndani ya silinda. Silinda mbili zilizo jirani zikisoma chini kwa pamoja, yaelekea gasketi ya silinda hedi imekatika kati yake, na wakati mwingine mapovu kwenye rejeta huthibitisha.

Kama tatizo lilianza siku mabomba ya nozeli yalipofunguliwa, hakikisha hayakupishanishwa. Mpangilio wa uwakaji ni 1-5-3-6-2-4 kwa injini nyingi za silinda 6 zilizo kwenye mstari, na 1-3-4-2 kwa nyingi za silinda 4.

Lori lilikuwa zima Dar es Salaam. Kwa nini linamisi likifika Mbeya?

Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko shinikizo la hewa hupungua kwa karibu moja ya tano likilinganishwa na la pwani. Njombe iko juu zaidi. Wengi huhitimisha kwamba hewa nyepesi ndiyo inayoharibu sailensa, lakini hitimisho hilo si sahihi kabisa, kwa kuwa injini ya dizeli ikiwa sailensa hutumia dizeli kidogo sana na huwa na hewa ya ziada hata milimani. Kinachotokea ni kwamba hewa kidogo ikigandamizwa hufikia shinikizo dogo na joto dogo mwishoni, na silinda ambayo pwani iliponea chupuchupu, huku haiponi tena. Turbo nayo haisaidii wakati huo, kwa sababu moshi wa sailensa hauna nguvu ya kuizungusha. Mwinuko, kwa maneno mengine, haukuleta ubovu, bali umeufichua, na mmiliki aushukuru kwa taarifa hiyo badala ya kusubiri lori lirudi pwani lipate nafuu ya uongo.

Fundi akumbuke pia kwamba kipimo cha kompresheni husoma chini huku juu. Injini ambayo ingesoma bar 25 pwani inaweza kusoma kati ya bar 20 na 21 Mbeya bila kuwa na kosa lolote. Wapo waliofungua injini nzima kwa sababu ya namba ya kitabuni iliyoandikwa kwa usawa wa bahari. Linganisha silinda kwa silinda: zikikaribiana, injini ni sawa, moja ikiachwa nyuma kwa zaidi ya bar 3 au 4, hiyo ndiyo ya kuchunguzwa.

Na kumisi kwa asubuhi za baridi za Juni na Julai?

Moshi mweupe unaochoma macho na kumisi kwa dakika chache baada ya kuwasha, huku vyote vikiisha injini inapopata joto, ni dizeli isiyoungua. Kagua hita za kuwashia moja moja kama injini inazo, nguvu ya betri na uzito wa oili, kwa kuwa stata inayozungusha polepole haileti joto la kutosha ndani ya silinda. Moshi mweupe usioisha, wenye harufu tamu, huku maji ya rejeta yakipungua, ni maji yanayoingia kwenye silinda, na lori hilo lisiendelee na safari.

Lori langu huzimika nikimaliza mteremko mrefu na kusimama. Lina nini?

Tazama breki ya ekzosi kabla ya kitu kingine. Kifuniko chake cha ndani hufunga njia ya moshi dereva anapoteremka, na kwa malori yanayoshuka miteremko mikali ya Kitonga, Mlima Nyoka au Iwambi mara kwa mara, masizi hujikusanya kwenye mhimili wake mpaka ukakwama. Kikikwama nusu kimefungwa, injini haiwezi kutoa moshi, hukosa nguvu, na huzimika mara mguu unapoondoka kwenye mafuta. Dereva aiwashe na kuizima breki hiyo, huku mtu mwingine akitazama kama mkono wake ulio kando ya ekzosi unarudi hadi mwisho. Ukisita, usafishwe na ulainishwe kwa kilainishi kinachostahimili joto. Kuufunga kwa waya ili ubaki wazi huliwezesha lori kufika gereji, lakini lori hilo halina tena breki ya ekzosi na halipaswi kushuka Kitonga likiwa na mzigo.

Hapa naomba madereva wasikilize kwa makini. Injini ikizimika mteremkoni, kompresa haijazi tena matangi ya upepo, usukani wenye msaada wa nguvu huwa mzito, na kila unapokanyaga breki unatumia upepo usiorudishwa. Simama mapema wakati upepo bado upo, kwenye upande wa mlima, weka breki ya kuegeshea na vigingi. Lori lenye tabia ya kuzimika lisipelekwe Kitonga kwa matumaini kwamba leo halitazimika.

Je, dizeli iliyochakachuliwa inaweza kuleta tatizo hili?

Ndiyo. Mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli huifanya iwe nyepesi na kuipunguzia uwezo wa kulainisha pampu na nozeli, ambazo hazina kilainishi kingine isipokuwa dizeli yenyewe. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchanganyiko huo, lakini dizeli ya madumu ya kando ya barabara haijawahi kuwa na mdhamini, na pampu iliyolishwa hiyo kwa muda mrefu hubaki na majeraha.

Maji husumbua zaidi. Usiku wa baridi, unyevu ulio ndani ya tenki lenye nafasi kubwa hugeuka matone na kuzama chini, kwa hiyo ni afadhali kujaza tenki jioni kuliko asubuhi. Fungua koki ya kitenga maji kila wiki, na kila siku wakati wa masika, kinga kinachotoka kwa chupa safi, kisha kitazame kikitulia. Mstari kati ya maji na dizeli huonekana bila kifaa chochote.

Injini inatetemesha kabini lakini mlio wake ni laini. Je, ni nozeli?

Yaelekea si nozeli. Kagua mauntini, yaani vishikio, za injini na za kabini, ambazo mpira wake hupasuka na kulegea kwa umri.

Nibadilishe filta ya hewa?

Ibadilishe kwa sababu ya afya ya injini, lakini usitarajie itaponya sailensa, isipokuwa kama imeziba kabisa. Filta ya dizeli ndiyo inayohusika zaidi.

Ni lini basi pampu ipelekwe kwa fundi pampu?

Wakati galoni limethibitisha kwamba ubovu hauko upande wa tenki, filta ni mpya, hewa imetolewa, bolti ya kurudishia dizeli ni halisi, nozeli zimepimwa na kompresheni ya silinda zote inakaribiana. Kabla ya kuifungua, weka alama kati ya pampu na mahali inapokaa ili mpangilio wa muda wa kupiga dizeli usipotee. Pampu ipimwe kwenye mashine mbele yako, na uombe karatasi inayoonyesha kiasi cha dizeli kilichotoka kwenye kila njia katika mizunguko ya sailensa, kwa kuwa pampu inaweza kugawa sawasawa kwenye mwendo wa kasi na kupendelea silinda moja kwenye mizunguko ya chini. Fundi akikupa karatasi ya mizunguko ya juu peke yake, irudishe pampu mashinani ipimwe tena kabla ya kuilipia na kuifunga.